Injini Iliyokufa kwa Baridi Dar es Salaam

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa ovaroli yenye jina la mtu mwingine kifuani, nikaambiwa nisimame kando ya lori lililochemsha, nimsubiri Fundi Mkuu. Ilikuwa karakana ya shirika la umma la usafirishaji, kule mwanzo wa Barabara ya Pugu, mahali ambapo leo kuna maghala ya mabati na walinzi wasiojua palikuwa na nini. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na cheti changu cha umeme wa magari, na nilidhani najua kitu.

Fundi Mkuu alikuja taratibu, mikono nyuma. Alifungua kifuniko cha chuma pale hosi ya juu ya rejeta inapoingilia kwenye injini, akachomoa kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, akanirushia.

"Hiki nini, kijana?"

"Themostati, Mzee."

"Kazi yake?"

Nikamjibu nilivyofundishwa. Injini ikiwa bado ya baridi, themostati hufunga njia, maji yasiende kwenye rejeta kupoa. Injini ikishapata moto wake wa kawaida, nta iliyomo ndani yake inavimba, njia inafunguka yenyewe, maji yanazunguka. Nilijibu vizuri, na yeye mwenyewe alikubali kwa kichwa.

"Sasa toka nje, angalia juu, halafu uje uniambie kama injini ya Dar es Salaam inataka msaada wa kupata moto."

Mafundi wote wakaangua kicheko. Nikatoka kweli, nikaangalia juu, jua likanipiga usoni, nikarudi ndani nimeona aibu. Fundi Mkuu akanionyesha pipa lililokuwa pembeni, limejaa themostati kuukuu hadi nusu. "Tupa humo. Na popote utakapoikuta nyingine, ng'oa."

Nyinyi vijana mnaosoma haya msimcheke mapema. Wakati ule hakukuwa na vipuri. Lori likiharibika tairi moja lilikaa juu ya mawe mpaka lote linaota majani. Themostati zilizokuwemo kwenye injini zetu zilikuwa zimezeeka, zikikwama zimefunga, na lori likichemsha katikati ya safari ya bara lilikuwa limekufa, na mzigo wa watu umeoza juu yake. Fundi Mkuu alianza kuziondoa moja moja, malori yakaacha kuchemsha. Meneja wa Karakana, mhandisi mpole aliyevaa shati jeupe hata siku za kazi chafu, aliwahi kumuuliza mbele yetu kama haoni hatari ya kuendesha injini bila kifaa hicho.

"Meneja, niletee mpya," Fundi Mkuu alimjibu, "naifunga leo hii."

Meneja hakuwa na mpya, na nchi nzima haikuwa nayo. Malori yakaendelea kwenda na kurudi, na sifa za Fundi Mkuu zikaenda nayo mpaka mipakani. Injini zile zilikuwa za dizeli, nzito, hazikujali sana. Zilikuwa zikichukua muda kuamka asubuhi, zikitoa moshi, basi. Kwa hiyo alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Angekuwa mjinga tangu mwanzo, nisingekuwa na cha kusimulia.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kazi iliyoguswa na mkubwa wako huigusi. Akiunga waya, umeungwa. Akitoa kitu, kimetoka. Hata kama unaona kasoro, unangoja akuulize, na Fundi Mkuu hakuwa mtu wa kuuliza. Tulilelewa hivyo sote, na kwa kweli tulimpenda. Mtu akifiwa, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika msibani, na mara nyingi ndiye aliyekwenda kuzungumza na wakubwa ili lori la kupeleka maiti nyumbani litoke.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Biashara ikafunguliwa, maduka ya Kariakoo yakajaa, na meli zikaanza kushusha magari madogo yaliyotumika Ujapani. Shirika letu lilishindana na malori ya watu binafsi kwa muda mfupi tu. Siku moja Meneja wa Karakana alitukusanya uani, shati lake jeupe limelowa mgongoni, akasoma majina ya wanaobaki. Ilikuwa rahisi zaidi kusoma ya wanaobaki. Fundi Mkuu hakuwemo, nami sikuwemo. Alikunja ovaroli yake vizuri, akaiweka juu ya benchi, akatuambia, "Haya, wanangu. Kila mtu na nyota yake."

Nyota yake ilikuwa teksi. Kiinua mgongo chote alichopewa alikiweka kwenye gari moja dogo jeupe la Kijapani, akaliandikisha teksi, akawa anaegesha karibu na Mnazi Mmoja. Yeye na mkewe, Mama Tatu, walikuwa na nyumba Buguruni ambayo haijaezekwa nusu, na hawakuwa na mtoto wa kuwatazama. Tatu mwenyewe alifariki akiwa mdogo. Gari lile ndilo lilikuwa uzee wao. Sote tulilijua hilo, na yeye mwenyewe alilijua kuliko sote, maana alikuwa akilipangusa kila anaposhusha abiria.

Mimi nilipata kazi mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka hapo na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa. Siku niliyofika aliniuliza swali moja tu.

"Sefu, wewe unaogopa kompyuta?"

"Sijawahi kuiona, Mzee."

"Vizuri. Wale waliowahi kuiona ndio wananiharibia magari."

Magari mapya hayakuwa na kabureta. Petroli ilipulizwa kwa sindano, na kompyuta ndogo, ambayo mafundi wa mjini waliiita kontrolboksi, ndiyo iliyoamua sindano ipulize kiasi gani. Ili iamue, ilihitaji habari: hewa inayoingia ni kiasi gani, moshi unaotoka ukoje, maji ya injini yana joto gani. Habari hizo zililetwa na vifaa viitwavyo sensa. Kompyuta ikiona mambo hayaendi, inawasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuweka namba ya kosa kichwani mwake. Mzee Kanti alinifundisha kuisoma bila mashine yoyote. Unafungua boneti, unatafuta kiboksi kidogo chenye matundu, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kisha unafungua swichi bila kuwasha injini. Taa inaanza kukonyeza. Unahesabu mikonyezo, unatulia inapotulia, unahesabu tena, umeipata namba. Nakumbuka mara ya kwanza nilipofanya mwenyewe nilifurahi kitoto, nikaita majirani waje waone gari likizungumza.

Furaha ile haikudumu. Nilikuja kugundua kuwa Gerezani nzima hakuna aliyetaka kusikia gari linasema nini. Walitaka linyamaze. Taa ya injini ikiwaka, mwenye gari anaogopa, fundi anafungua dashibodi, anatoa balbu. Taa imezimika, gari limepona. Wengine walibandika mkanda mweusi. Nilipowaambia kuwa balbu haina kosa, waliniuliza kama nimetumwa na maadui zao wa biashara.

Kulikuwa na lingine baya zaidi. Gari likitoka bandarini, kabla hata halijapata namba za Tanzania, lilipelekwa kwa fundi "kuwekwa sawa kwa hali ya hewa yetu". Maana yake ilikuwa kuondolewa themostati. Muuza vipuri mmoja wa Kariakoo, Mchaga tuliyemwita Mangi kama tulivyowaita wenzake wote, alikuwa na themostati mpya nzuri kabisa rafu nzima, na hazikuuzika. "Fundi Sefu, hii mali imelala," alikuwa akiniambia. "Nawapa bei ya kutupa, wananicheka. Wanasema Fundi Mkuu alishaifuta." Ukiuliza Fundi Mkuu yupi, ni yule yule wetu. Wale mafundi wa Gerezani na Shaurimoyo, mmoja kwa mmoja, walikuwa wametoka mikononi mwake au mikononi mwa waliotoka mikononi mwake.

Mzee Kanti alinieleza siku moja tukinywa chai, baada ya kufungua injini ya nne au ya tano iliyoharibika kwa namna ile ile. Kifaa kisipokuwepo, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haipati moto wake. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi. Kompyuta nayo, kwa nia njema, inaongeza petroli, kama vile kila safari ni ya alfajiri. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kuchanganyika na oili na kuizimua. Injini inajisaga yenyewe polepole.

"Hapa Dar es Salaam?" nilimuuliza. "Kwa joto hili?"

"Joto lako na joto la injini ni vitu viwili, Sefu. Wewe ukifika joto linalotakiwa na injini, tunakuzika."

Basi mtaelewa moyo wangu ulivyokuwa asubuhi Fundi Mkuu alipoingiza teksi yake kwenye gereji yetu, taa ya injini inawaka.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, Sefu. Hujambo? Nimezunguka kote. Plagi mpya, sensa nimebadilishiwa, inawaka tu. Na inakunywa petroli hii, inakunywa mpaka naona haya kupita kituo cha mafuta. Vijana wanataka kunitolea balbu. Nimekataa. Mimi siwezi kuendesha kitu kinachonificha mambo."

Nilimpenda kwa neno hilo. Niliunganisha waya, nikafungua swichi, taa ikakonyeza mbili, ikatulia, ikakonyeza sita. Namba ile maana yake petroli imezidi hewa. Nikawasha injini, nikashika hosi ya juu ya rejeta. Ilianza kupata uvuguvugu papo hapo, wakati kwa gari lenye themostati ingekaa baridi kwa muda, kisha ishike moto ghafla. Mshale wa geji ya joto ulikuwa umelala chini kabisa, naye alikuwa ametoka Buguruni kwenye foleni. Sikuhitaji kufungua chochote. Nilijua nani ameitoa, na nilijua kwamba ameitoa kwa upendo.

"Mzee," nikamwambia, "hii inataka themostati."

Akacheka kidogo, kicheko kile kile cha karakana, ila safari hii hapakuwa na wa kumwitikia.

"Umesahau pipa?"

"Sijasahau, Mzee. Ile ilikuwa dizeli. Hii ina kompyuta, inadhani bado haijaamka."

Nilimweleza yote, kwa utaratibu, kwa adabu, macho chini. Mzee Kanti akaja naye akaeleza. Mwishoni Fundi Mkuu akasema, "Haya, funga. Wewe ndiye fundi wa hapa." Nikaenda mbio kwa Mangi, nikarudi na themostati, nikaifunga, nikafuta namba, taa ikazimika yenyewe bila balbu kuguswa. Tuliketi ndani ya gari injini ikinguruma. Mshale ukaanza kupanda. Ukapita robo. Ukafika katikati, ukasimama hapo, mahali pake hasa.

Jasho lilikuwa likimtoka mzee yule. Kwa miezi yote aliyokuwa na gari lile hajawahi kuuona mshale umenyanyuka.

"Inachemsha, Sefu."

"Haichemshi, Mzee. Hapo ndipo nyumbani kwake."

"Mimi nimeona injini ngapi zikichemsha? Zilianza hivi hivi."

Akaondoka nayo. Hazikupita siku nyingi, nikamkuta Mnazi Mmoja, nikasalimia, nikainama dirishani. Mshale umelala chini, taa inawaka. Aliona nimeona, akaanza kupangusa usukani. Nilitakiwa niseme, na nilisema, lakini nilisema kama mtoto anavyomwambia babaye: "Mzee, ungeirudisha tu." Akanijibu kwamba abiria wake mmoja aliona mshale katikati, akashuka. Sijui kama ilikuwa kweli.

Mara mbili zaidi alikuja gereji, mara mbili nikafunga, mara mbili akaitoa mwenyewe nyumbani kwake kwa mikono ile ile iliyonifundisha kushika spana. Nilikata tamaa. Mzee Kanti alinikasirikia. "Mwambie kwa ukali! Mwambie anajiua!" Nilimwambia yeye aseme. Akasema yeye ni Mhindi wa Gerezani, atasikilizwa na nani, mwanafunzi wake ni mimi. Wala sikuona mtu wa tatu wa kumtuma, maana wengine wote mjini walikuwa upande wake. Kila alipoegesha palikuja fundi kumpa shikamoo na kumweleza gari alilolitoa themostati juzi, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Injini ilikufa kwenye foleni ya pantoni, kivukoni Magogoni, abiria na mizigo yake ndani. Walilisukuma gari pembeni, likavutwa kwa kamba mpaka Gerezani. Nilipolegeza nati ya oili chini, kilichotoka kilikuwa chepesi kama maji ya kunawa, kinanuka petroli. Tulifungua juu. Kuta za silinda zilikuwa zimechanwa mistari, ringi za pistoni zimekwisha, beringi zimekula shafti. Mafundi wa jirani walikuwa wamejaa mlangoni, maana habari ilikuwa imeenea kwamba gari la Fundi Mkuu limelala.

Aliinama akatazama ndani kwa muda mrefu. Aligusa silinda moja kwa kidole, akakinusa.

"Joto," alisema kwa sauti, ili wote wasikie. Kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Au siyo?"

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu Fundi Mkuu kuniuliza. Nami nilikuwa nimechoka, nina hasira, na nilikuwa nampenda.

"Baridi, Mzee," nilimwambia. "Imekufa kwa baridi."

Alibaki ameinama. Wale wa mlangoni hawakusikia.

"Funika, Sefu," akasema. "Watu wanatazama."

Nikafunika. Hakurudi tena Gerezani. Gari lilikaa kwetu mpaka likanunuliwa kwa ajili ya milango na taa, kilichobaki kikaenda kwa watu wa skrepa. Nyumba ya Buguruni haikuezekwa. Nilisikia kwamba amepata kazi ya kulinda geti la duka la jumla mtaani Kariakoo, nikapita siku moja kumsalimia, nikamkuta amevaa sare iliyomzidi. Tulizungumzia mpira.

Mzee Kanti alihamia kwa watoto wake ng'ambo, gereji ikawa duka la simu. Nilifanya kazi uani kwa watu, leo hapa kesho pale, mpaka macho yakakataa kuona waya mwembamba. Sasa nimekaa. Vijana siku hizi wana mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani. Inasoma namba zote, hata zile ambazo mimi sikuwahi kuzijua. Niliwatembelea nikiwa na hamu ya kujifunza. Kijana alichomeka, namba ikatokea, akabonyeza kufuta, taa ikazimika, akachukua pesa yake. Nikamuuliza kosa lilikuwa nini. Akaniambia, "Mzee wangu, si imezimika?" Pembeni mwenzake alikuwa anachomoa themostati kwenye gari lililotoka bandarini asubuhi hiyo. Nikaenda zangu. Nimefanya kazi umri wangu wote, na sioni kitu hata kimoja nilichokibadilisha.

Fundi Mkuu alifariki mvua za mwaka uliopita. Mafundi walikuja wengi sana, tukamzika kwa heshima. Baada ya arobaini nilikwenda Buguruni kumwona Mama Tatu. Alinikaribisha chai, tukazungumza mambo ya kawaida, kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alilikalia kwa miaka.

"Baba, wewe ndiye uliyelifungua lile gari. Liliuawa na nini?"

Nikamuuliza mzee mwenyewe alimwambia nini.

"Hakusema. Watu walisema limerogwa, naye akanyamaza. Mimi nikajua ni Mama Shida, wa hapa ukuta mmoja. Siku gari lilipoletwa alilizunguka, akalishika, akasema zuri. Nilikuwa nikisukwa naye, tukila naye. Nilimtangaza mchawi mtaa mzima, Sefu. Hakuna aliyenunua tena maandazi yake. Akahama, sijui hata alikokwenda."

Nilifikiri kunyamaza. Nimenyamaza vya kutosha katika maisha yangu. Nikamweleza, polepole, nikitumia birika lililokuwa mezani kuwa injini na kifuniko chake kuwa themostati, mpaka akaelewa. Alielewa upesi kuliko mafundi wote wa Gerezani.

"Kwa hiyo ni mkono wake mwenyewe."

"Ni alichokijua, Mama."

"Na ulimwambia?"

"Nilimwambia kabla, na siku tulipolifungua nikamwambia tena."

Alitazama ukuta wa upande wa Mama Shida. Chai yake ilikuwa imepoa, hakuigusa.

"Miaka yote hiyo," alisema, "kila usiku namlaani yule mwanamke, na mzee kalala hapa pembeni yangu, ananisikiliza." Akavuta khanga yake mabegani. "Afadhali ungeniambia limerogwa, baba. Ungeniambia tu limerogwa."